Shahidi wa Shubakani

Sifa njema zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemtunuku mwanadamu ulimi na kalamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake wote.

Wasomaji wapendwa, khasa nyinyi kina mama mnaoupokea waraka huu kila wiki na kuusoma baada ya shughuli za nyumba kutulia: siku hizi naulizwa suala moja kwa njia mbili. Vijana huniuliza, "Maalim, vitabu vya nini tena, na simu imejaa elimu?" Kina mama nao huniuliza kwa uchungu: vitabu vya marehemu baba vimejaa shubakani, mchwa wanavinyemelea, na watoto hawavigusi. Je, tuvigawe, tuvizike au tuviache palipo? Nimeona ni bora niwajibu nyote pamoja, kwani masuala haya mawili yana mzizi mmoja.

Kwanza niseme wazi kwamba sina ugomvi na simu wala na blogu. Nami hutumia Maktaba Shamila, programu iliyokusanya maelfu ya vitabu vya Kiarabu, ambavyo walimu wangu wasingeweza kuvipata vyote hata wangesafiri umri wao mzima. Blogu imempa kalamu mtu ambaye hakuna mchapishaji ambaye angemfungulia mlango. Yuko mama aliye Ghuba kikazi anayesoma habari za kwao kabla ya usingizi kumpitia, na yuko binti aliyejifunza kwa njia hiyo namna ya kumhudumia mtoto mwenye pumu. Hizi ni neema, na neema hushukuriwa. Suala langu si kama simu ina kheri. Suala langu ni kitu gani kinachopotea nyumbani siku kitabu kinapotoka na simu ikabaki peke yake.

Nitasimulia kisa kimoja kwa idhini ya wenyewe, na majina yao nayasitiri. Katika mtaa wetu palikuwa na binti aliyepewa na mumewe talaka moja, talaka rejea. Jioni ile ile wifi yake alikuja na simu mkononi, ndani yake mna maandishi marefu yaliyosema kwamba mke akishaachwa hana haki ya kulala tena katika nyumba ya mume, hata usiku mmoja. Nguo za yule binti zikakunjwa, zikatiwa begini, na begi likawekwa ukumbini karibu na mlango. Mama yake akatuma mtu kuniita. Nilifika baada ya Isha, nikawakuta wazee wamekaa kimya, na binti yuko chumbani na mtoto wake wa miezi saba.

Nikauliza, "Haya maneno ni ya nani?"

Wifi akajibu, "Sheikh, nimetumiwa na rafiki yangu."

"Na rafiki yako kayapata kwa nani?"

"Kayatoa katika blogu."

"Mwenye blogu ni nani? Kasoma wapi? Ametegemea kitabu gani?"

Hakuna aliyejua. Tukayatafuta yale maandishi kutoka juu hadi chini. Hapakuwa na jina la mwandishi, wala tarehe, wala aya, wala hadithi, wala mlango wa fikihi. Palikuwa na maneno makali tu, na picha ya waridi.

Baba mkwe, mzee wa miaka sabini na kitu, akainuka bila ya kusema neno. Akaenda akatawadha, akarudi, akanyoosha mkono shubakani akateremsha Qur'ani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1969. Ilikuwa ya marehemu kaka yake, na jalada lake lilikuwa limeshonwa upya kwa uzi. Akaiweka juu ya marufaa, akafungua Suratu Twalaq, akasoma aya ya kwanza kwa Kiarabu kisha kwa Kiswahili: kwamba wanawake walioachwa wasitolewe majumbani mwao madamu wamo edani, wala wao wasitoke, ila wakifanya uchafu ulio wazi. Alipomaliza, hakumkaripia mtu. Alimpa wifi kile kitabu akasema, "Mwanangu, nisomee na wewe, macho yangu yamechoka." Wifi akasoma. Sauti yake ilianza kwa nguvu na ikamalizikia chini kabisa.

Begi likarudi chumbani. Binti akakaa eda yake katika nyumba yake, akila na kuvaa kwa gharama ya mumewe, kama sharia inavyotaka. Yaliyofuata baina yake na mumewe ni yao.

Usiku ule, tukirudi nyumbani, mwanangu aliyenisindikiza akaniambia, "Lakini Baba, aya hiyo hiyo imo katika simu yangu, na tafsiri hiyo hiyo ya Sheikh Farsy pia imo. Tofauti ni ipi?" Ni suala la haki, na sikutaka kulijibu kwa pupa. Neno la Mwenyezi Mungu ni lile lile, likiwa karatasini, likiwa kiooni au likiwa kifuani mwa hafidhi. Tofauti haikuwa katika neno. Tofauti ilikuwa kwamba kile kitabu kilisimama mbele ya watu wale kama shahidi.

Shahidi tunamkubali kwa nini? Kwa sababu jina lake linajulikana, kauli yake haibadiliki kati ya jana na leo, na watu wa mtaa wanamjua nyendo zake. Kile kitabu kilikuwa na sifa hizo zote. Jina la mfasiri limeandikwa juu ya jalada, na mfasiri mwenyewe alikuwa Kadhi Mkuu wa nchi hii. Maneno yake ya mwaka 1969 ndiyo maneno yake ya leo; hakuna mtu aliyeweza kuingia usiku akayageuza. Na kila aliyekuwemo ukumbini alikuwa amekiona kitabu hicho katika shubaka lile tangu utotoni. Wifi angeweza kubishana na mimi, na angeweza kubishana na simu kwa simu, hadi alfajiri. Kubishana na kitabu kilichomlea hakuweza.

Wanavyuoni wetu wameihesabu isnadi kuwa ni katika dini, yaani kujua neno limetoka kwa nani na likapita kwa nani hata likakufikia. Maandishi yasiyo na mwenyewe, hata yakipendeza, ni mtoto wa kuokotwa: utamhurumia, lakini huwezi kumrithisha. Sisemi kwamba kila kilichochapwa ni kweli. Vimo vitabu vyenye makosa, tena makubwa. Lakini kosa la kitabu hubaki na jina la mkosaji, na mwanachuoni mwengine huandika kitabu cha kulijibu, na msomaji akaviweka viwili mbele yake akapima. Kosa la kiooni linaweza kufutwa kesho lisionekane tena, huku nyumba iliyovunjika kwa sababu yake imekwisha kuvunjika.

Tuzingatie pia namna Qur'ani yenyewe ilivyokusanywa. Baada ya vita vya Yamama, mwaka wa 12 Hijria, ambapo mahafidhi wengi waliuawa, Sayyidna Umar (r.a.) alimshauri Khalifa Abubakar (r.a.) aikusanye Qur'ani. Ilikuwa imehifadhiwa vifuani, na imeandikwa mbalimbali katika makuti, ngozi na mawe mapana. Zayd bin Thabit (r.a.) ndiye aliyepewa kazi hiyo, akaiona nzito kuliko kuhamisha jabali. Basi akakusanya, akahakikisha, akataka ushahidi, hata kurasa zikapatikana zote pamoja. Kurasa zile zilikaa kwa Abubakar, kisha kwa Umar. Umar alipokufa zilikaa kwa nani? Zilikaa kwa binti yake, Mama wa Waumini, Bibi Hafsa (r.a.). Khalifa Uthman (r.a.) alipotaka kunakili misahafu ya kupeleka katika miji, alituma kuziazima kutoka nyumbani kwa Bibi Hafsa, na kazi ilipomalizika akamrudishia.

Kina mama, lifikirini jambo hilo. Umma mzima ulikwenda kuazima kwa mwanamke, kwa kuwa nyumba yake ndiyo iliyoaminiwa kuhifadhi. Hapana mwanamke wa Kiislamu anayehifadhi kitabu shubakani mwake isipokuwa ana kigezo kwa Bibi Hafsa.

Na sisi watu wa pwani hatukuwa nyuma. Lugha yetu yenyewe inashuhudia. Neno chuo, kwa wazee wetu, lilikuwa na maana ya kitabu, na mahali pa kusomeshea pakaitwa chuoni, na mwenye elimu akaitwa mwanachuoni. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Mwengo bin Athumani mwaka 1728, una jina la pili: Chuo cha Herekali. Hapo Siyu, katika kisiwa hicho hicho cha Pate, waandishi walinakili misahafu kwa mkono, kwa wino wa rangi na nakshi, na baadhi ya misahafu hiyo ipo hadi leo. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha. Aliyekusudiwa kwanza alikuwa mtoto mmoja, ndani ya nyumba moja. Lakini kwa sababu nasaha ile iliandikwa, ikanakiliwa na ikatunzwa mkono kwa mkono hata ikafika kwenye mitambo ya chapa, leo hii binti yeyote wa Kiswahili anaweza kukaa kitako mbele ya mama yule akamsikiliza. Ingekuwa ni maneno ya mdomo tu, tungesema aliwahi kuwapo mama mmoja mwenye hekima Siyu, basi.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya kale, kabla ya watu kuwa na haraka. Basi natutazame mfano wa karibu, ambao kwa hakika ndiyo blogu ya babu zetu. Mwaka 1930 hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa karatasi iliyoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akaanzisha gazeti la Al-Islah. Yalikuwa ni maandishi mafupi ya wakati wake, yakizungumzia elimu, tabia na hali ya Waislamu wa pwani, na yakitoka wiki baada ya wiki kama yanavyotoka maandishi ya vijana wetu wa leo. Nanyi mnajua mwisho wa karatasi ya gazeti. Aghlabu hufungiwa kaimati, au hutandikwa chini ya birika. Lakini makala yale yalikusanywa, yakatiwa baina ya jalada mbili, kikapatikana kitabu kiitwacho Uwongozi. Sheikh alifariki mwaka 1947, kabla ya wengi wa wasomaji wa waraka huu kuzaliwa. Hata hivyo nasaha zake zingali zinasomwa, kwa kuwa pana watu waliotambua kwamba yaliyoandikwa kwa haraka ya wiki yanastahiki makao ya kudumu.

Hilo ndilo ninalowaambia vijana wanaoandika katika blogu, wa kiume na wa kike. Andikeni, wala msikome. Lakini ukifika mwisho wa mwaka, chagua yaliyo bora, yasahihishe, yapeleke kwa anayejua zaidi yako ayapitie, kisha yachapishe, hata kama ni nakala ishirini za kuwapa jamaa zako. Blogu ni baraza. Mtu hupita, hutoa salamu, huzungumza, akaenda zake. Kitabu ni nyumba. Kila mtu anahitaji baraza, lakini hakuna anayelala barazani umri wake wote.

Na sasa niwajibu wenye hofu ya mchwa, kwani hofu yao ni ya kweli. Pwani yetu ni adui wa karatasi. Joto, unyevu, chumvi ya bahari na wadudu vimekula maktaba nzima za wazee wetu. Kwa ajili hiyo miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, alipofundisha Habib Swaleh, imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuhifadhiwa kwa njia ya kompyuta, ili hata asili ikidhurika maandishi yasipotee. Hapo teknolojia imekuwa mtumishi mwema wa kitabu, na Mwenyezi Mungu awalipe waliofanya kazi hiyo. Lakini tuzingatie: kilichopigwa picha ni kile kilichokuwepo. Kama wazee wale wasingeandika na kutunza, kamera ingepiga picha ya shubaka tupu.

Tena kitabu kina dawa moja nyepesi kuliko zote, nayo ni kufunguliwa. Kitabu kinachosomwa hupata hewa, hupanguswa vumbi, na mdudu hagundui makao kwa kuwa anasumbuliwa kila siku. Vinavyoliwa na mchwa aghlabu ni vile vilivyoheshimiwa kwa kufungiwa. Basi mama aliyeniuliza kama avigawe, avizike au aviache, jibu langu ni hili: vile vilivyochakaa hata havisomeki tena, na vina majina ya Mwenyezi Mungu, vizikwe kwa heshima mahali safi. Vilivyo vizima na hakuna wa kuvisoma nyumbani kwako, viwekwe wakfu kwa madrasa au msikiti, na thawabu zake ziwe za marehemu. Vilivyobaki visiachwe palipo. Viteremshwe.

Viteremshwe kwa ajili ya watoto. Baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, hakuwa mwanachuoni. Alikuwa akifanya kazi bandarini. Lakini kila baada ya Maghrib alikaa juu ya jamvi na kitabu magotini, akisoma polepole, midomo ikitikisika. Sisi tulikuwa tukicheza pembeni, na hakutuita hata siku moja kutuambia tusome. Tulijua tu kwamba ule ni wakati ambao Baba hasemeshwi, na kwamba kitabu kile kina kitu. Katika karatasi tupu ya mwanzo ya msahafu wake aliandika kwa hati ya Kiarabu tarehe ya kuzaliwa kila mmoja wetu, na tarehe ya kufa ndugu yetu mdogo. Dada yangu ndiye mwenye msahafu huo sasa, naye ameongeza majina ya wajukuu.

Leo mtoto akimwona mzazi ameinamia simu, anajuaje kama mama anasoma Suratu Yasin, anaangalia bei ya dera au anafuata ugomvi wa watu? Kwa mtoto yote ni sura moja: uso ulioinama na mwanga wa buluu. Kitabu hakifichi. Ukikishika, kila aliyemo chumbani anajua unafanya nini. Hapo pia kitabu ni shahidi, na safari hii anakushuhudia wewe mbele ya watoto wako. Mama mwenye kitabu mkononi kwa dakika kumi anafundisha kusoma bila ya kutamka herufi moja.

Katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) ametaja mambo ambayo thawabu zake humfikia muumini baada ya kufa kwake. Miongoni mwake imo elimu aliyoifundisha na kuieneza, umo mtoto mwema aliyemwacha, na umo msahafu aliourithisha. Nimekaa katika vikao vingi vya mirathi. Nimeona nyumba, mashamba, mashua na dhahabu vikigawiwa. Simu ya marehemu nayo hutajwa, lakini hutajwa kama bidhaa: itauzwa kiasi gani. Mara nyingi hakuna hata ajuaye namba yake ya siri, na kila alichokisoma marehemu na kukiandika humo kimefungwa pamoja naye. Ama kitabu chake, mwenye kukichukua hukifungua pale pale, na hukuta mstari aliopigia alama, na jani la mkunazi alilotia kuwa ishara ya pale alipofikia.

Basi nawausia mambo machache yasiyo mazito. Kila nyumba iwe na mahali pa vitabu panapofikiwa na mkono wa mtoto, si juu ya kabati. Baada ya Maghrib mpaka Isha simu ziwekwe mahali pamoja, za wazazi kwanza, na kitabu kifunguliwe, hata kwa ukurasa mmoja. Binti anapoolewa, baina ya vyombo na kanga na mkufu, apewe na vitabu viwili vitatu, na mwenye kumpa aandike ndani jina lake, tarehe na dua yake. Na likitufikia neno la dini kwa simu, linalogusa haki ya mtu, khasa haki ya mwanamke au ya yatima, tusiinue begi la mtu kabla ya kuuliza: nani kasema, na katika kitabu gani?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie nuru nyumba zetu kwa Kitabu chake na kwa elimu yenye manufaa, awarehemu waliotuandikia na waliotutunzia, na awajaalie watoto wetu kuwa watu wa kusoma na kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.